Fedha Isiyonunua Kitu



Tumeulizwa mara kadhaa na baadhi yenu, wengine kwa utani na wengine kwa uso usiocheka, kwa nini Paroko wenu hutoa fedha inayonunua unga ili apate fedha isiyonunua kitu. Habari za kisanduku cha sarafu kuukuu za Waingereza kilichomo ofisini mwetu zimekwisha kuenea, na tunasikia kwamba katika kigango kimoja sarafu hizo zimefikia gunia. Hazijafikia gunia. Zipo mia moja na kumi na mbili, na nyingi kati yake zilinunuliwa kwa bei ambayo huko London haitoshi kikombe cha chai. Hata hivyo swali ni la haki, nasi tumeona vema kulijibu juma hili kwa kirefu kidogo. Wale wanaongoja tuanze na dinari ya Kaisari watuwie radhi. Wameisikia ya kutosha mimbarini.

Mapenzi haya yalituanza tukiwa Uingereza, tulikotumwa na Askofu wetu kwa masomo. Siku za Jumapili tulisaidia katika parokia moja ya mjini, na Jumamosi, tulipopata nafasi, tulitembea sokoni. Soko la vitu vikuukuu huko aghalabu lina meza yenye bakuli la sarafu, na mtu huruhusiwa kuchakura kama achaguaye maharage. Katika bakuli moja tulipata peni ya shaba ya mwaka 1897. Ni kipande kizito, chenye upana wa milimita 31 hivi. Upande mmoja una Malkia Victoria katika uzee wake, mwenye utaji kichwani. Upande wa pili una mwanamke aliyeketi na ngao na mkuki wa meno matatu, ambaye Waingereza humwita Britannia. Lakini uso wa Malkia ulikuwa umelika hata pua haikuonekana. Tukajiuliza ni vidole vya watu wangapi vilivyoimaliza pua ile: wauza samaki, wafua nguo, watoto waliotumwa dukani. Tukailipia, na tangu siku ile hatukupona.

Kwa ajili ya vijana tueleze kidogo. Hadi tarehe 15 Februari 1971, paundi moja ya Uingereza iligawanywa katika shilingi 20, na shilingi moja katika peni 12. Hivyo paundi ilikuwa na peni 240. Peni nayo ilikuwa na nusu yake, na robo yake waliyoiita fadhingi. Juu ya shilingi zilikuwapo florini ya shilingi mbili, nusu-krauni ya shilingi mbili na peni sita, na krauni ya shilingi tano. Hesabu hiyo iliwatesa watoto wa shule kwa vizazi vingi, na bado wapo wazee wa huko wanaoililia.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa mbali na sarafu hizo. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921, yenye simba mbele ya milima, ilibeba kichwa cha Mfalme George V yuleyule aliyekuwa kwenye peni ya London, na ilitengenezwa hukohuko Uingereza. Tanzania ilipata shilingi yake yenyewe mwaka 1966. Ndiyo maana mzee mmoja wa jumuiya zetu, alipokiona kisanduku chetu, alisema bila kuzunguka: “Baba Paroko, hiyo ni fedha ya mkoloni. Baba yangu alifungwa kwa kukosa shilingi yenye kichwa hicho.” Hatukumbishia. Kodi ya kichwa ililipwa kwa vichwa hivyo vya wafalme, na aliyekosa alijua litakalompata. Asiyetaka kuliona jambo hilo katika sarafu, heri asizikusanye. Ila tulimwongezea mzee wetu neno moja, kwamba wafalme wa Uingereza hawana shahidi anayewashitaki kwa ukali kuliko sarafu zao wenyewe.

Mtazameni Henry VIII. Alipoishiwa kwa vita na anasa, kuanzia mwaka 1544 alichanganya shaba kwa wingi katika sarafu zake za fedha, huku uso wa sarafu ukifanywa uonekane fedha safi. Lakini picha yake ilimtazama mtu usoni, na katika picha ya namna hiyo pua ndiyo hujitokeza kuliko sehemu nyingine zote. Sarafu ilipopita mikononi mwa watu, ngozi ile nyembamba ya fedha ilitoka kwanza puani, na shaba nyekundu ikachungulia. Watu wakampa jina: Pua ya Shaba. Mfalme aliyewakata vichwa Mtakatifu John Fisher na Mtakatifu Thomas More mwaka 1535 kwa sababu hawakutaka kusema atakalo, hakuweza kuinyamazisha pua yake mwenyewe. Ilimbidi binti yake, Elizabeth I, kuziondoa sarafu hizo mbovu katika mzunguko mwaka 1560 na 1561. Sarafu ya Pua ya Shaba hatunayo. Bei yake inatushinda, nasi tumetosheka kuitazama nyuma ya kioo cha makumbusho.

Henry huyohuyo ndiye aliyepewa na Papa Leo X, mwaka 1521, cheo cha Mtetezi wa Imani, kwa kitabu alichokitoa dhidi ya Martin Luther. Alipojitenga na Roma, cheo hicho kilifutwa. Bunge lake likamrudishia mwaka 1544. Tangu enzi ya George I, aliyetawazwa mwaka 1714, ufupisho wa cheo hicho kwa Kilatini ukaanza kuonekana kwenye sarafu, na herufi F.D. zipo hata leo kwenye sarafu za Mfalme Charles III. Mwingereza anunuapo mkate leo, anashika kiganjani zawadi ya Papa, na pengine hajui.

Mara moja walijaribu kuziacha. Florini ya kwanza, ya mwaka 1849, haikuwa na maneno “kwa neema ya Mungu” wala cheo hicho. Kelele zikawa nyingi. Watu wakaiita florini isiyo na Mungu, na wapo waliomnyooshea kidole mkuu wa kiwanda cha sarafu, Richard Lalor Sheil, kwa kuwa alikuwa Mkatoliki wa Ireland. Kana kwamba Mkatoliki ndiye angefurahi kuliondoa jina la Mungu! Mwaka 1851 ikatolewa nyingine yenye maneno yote. Ile ya 1849 tunayo, imechakaa, na tunaipenda kwa sababu ya upuuzi wa kisa chake.

Zipo nyingine ambazo hazichekeshi hata kidogo. Peni ndogo ya fedha ya Mfalme Henry III, iliyoanza kutolewa mwaka 1247, ina msalaba mrefu unaofika hadi ukingoni. Msalaba huo haukuwekwa kwa ibada tu. Ulikusudiwa kuonyesha kama mtu amekata ukingo wa sarafu ili ajiibie fedha kidogo. Watu wa kawaida nao waliufuata msalaba huohuo kuikata peni vipande viwili au vinne wapate chenji, maana kwa muda mrefu hapakuwa na sarafu ndogo kuliko peni. Fadhingi maana yake ni sehemu ya nne. Kukata kingo kwa wizi adhabu yake ilikuwa kifo. Mwaka 1278 Mfalme Edward I aliamuru Wayahudi wa Uingereza wakamatwe kwa shutuma hiyo, wakakamatwa kwa mamia. Wengi wakanyongwa, ilhali Wakristo walionyongwa kwa kosa lilelile walikuwa wachache sana. Mwaka 1290 Wayahudi wote wakafukuzwa nchini. Tunayo nusu-peni moja ya namna hiyo, iliyokatwa kwenye mstari wa msalaba. Kila tuishikapo, hatuwezi kuuona msalaba peke yake.

Sasa tuje kwenye kununua, maana hapo ndipo mtihani ulipo.

Wauzaji wa Uingereza wana lugha yao. Sarafu wanayoiita “nzuri” ni ile iliyochakaa sana. “Nzuri sana” imechakaa kiasi. Na juu kabisa ipo ile ambayo haikupata kutumika hata siku moja. Kwa mujibu wa kitabu cha bei kinachotolewa kila mwaka na kampuni ya Spink, sarafu ileile ya mwaka uleule hupanda bei mara nyingi kwa sababu tu haikushikwa na mtu. Tunaelewa: iliyobaki safi ni adimu, na jicho hupenda kuona kazi ya mchongaji ikiwa kamili. Lakini hapo sisi na kitabu hicho tunaachana njia. Peni ambayo haikutumika haijafanya kazi iliyoitwa kuifanya.

Katika Jumba la Makumbusho la British Museum, London, ipo peni ya mwaka 1903 ambayo juu ya uso wa Mfalme Edward VII zimegongwa, herufi moja moja, herufi za kudai kura kwa wanawake. Kuharibu sarafu lilikuwa kosa, lakini ni nani angezunguka nchi nzima akikusanya peni? Ikaendelea kupita mikononi, ikisema neno lake katika kila duka. Zipo pia zile za wafungwa waliohukumiwa kupelekwa Australia. Kabla ya kupakiwa merikebuni, waliisugua peni ya shaba, na hasa ile nzito ya mwaka 1797 iliyokuwa na uzito wa wakia moja kamili, hadi sura ya mfalme ikafutika. Kisha wakachora humo jina, tarehe, moyo, au ndege mwenye mnyororo, wakamwachia mama au mchumba. Makumbusho ya Taifa ya Australia inazo zaidi ya 300. Mwenye kuzitazama haoni fedha tena. Anaona mtu ambaye hakuwa na kitu kingine cha kuacha nyuma isipokuwa peni moja na muda wa kuisugua.

Upande wa pili wa soko hilo ipo peni ya mwaka 1933. Mwaka ule peni zilikuwa tele nchini, kwa hiyo zilitengenezwa chache mno, na zinazojulikana leo ni kama saba tu. Baadhi ziliwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo yaliyokuwa yakianza kujengwa, yakiwamo makanisa mawili ya Kianglikana mjini Leeds. Mwaka 1970 wezi waliichimbua ile ya kanisa la St Cross, Middleton, wakatoweka nayo. Baada ya hapo Askofu aliona afadhali ile ya kanisa la pili, St Mary’s, itolewe na kuuzwa kuliko kuwangoja wezi. Wapendwa, hebu tafakarini: peni moja, isiyotosha kununua hata gazeti leo, ilitosha kumfanya mtu abomoe msingi wa nyumba ya Mungu. Haikuwa na dhahabu wala fedha ndani yake. Ilikuwa na uchache tu.

Hapa tuingize onyo kwa yeyote aliyerithi sarafu kuukuu: msizisafishe. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya kung’arishia shaba. Ule weusi na rangi ya kahawia iliyotulia juu yake ni ngozi yake. Ukiitoa hairudi, na sarafu hubaki inang’aa kama sufuria mpya, bila thamani kwa muuzaji wala kwa msomaji wa historia. Shikeni kingoni, si usoni. Msizihifadhi katika mifuko laini ya plastiki, maana aina nyingine ya plastiki hiyo hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Karatasi kavu inatosha.

Tulipokuwa karibu kumaliza masomo, mama mmoja mjane wa ile parokia ya mjini alitujia baada ya Misa na kopo la biskuti. Marehemu mumewe alikuwa kondakta wa basi, na kwa miaka mingi alizoea kuondoa katika nauli sarafu iliyomvutia, akiweka yake mahali pake. “Padre,” alisema, “nasikia wewe unazipenda. Nipe paundi ishirini, uchukue na kopo.” Tulimimina mezani. Peni nyingi za George V, za George VI, shilingi, peni sita. Vitu vya kawaida, na paundi ishirini ilikuwa bei ya haki kwa hizo. Chini kabisa palikuwa na nusu-krauni ya Edward VII. Tukaigeuza tusome mwaka: 1905.

Mkusanyaji yeyote wa Uingereza huujua mwaka huo. Nusu-krauni za 1905 zilitengenezwa 166,000 na ushei tu, idadi ndogo sana kwa sarafu iliyotumiwa na nchi nzima, na ile isiyochakaa sana huuzwa kwa mamia ya paundi. Kwa sababu hiyohiyo huigizwa na matapeli. Tukaipima: gramu 14 na kidogo, kama ipasavyo. Tukaitazama kwa kioo cha kukuzia, herufi zikawa sawa. Bei ilikwisha kutajwa na muuzaji mwenyewe, kwa hiari yake, nayo noti ya paundi ishirini ilikuwa mfukoni mwetu. Sheria ya Uingereza isingetugusa. Kishawishi kilikuwapo, wapendwa, na hakikuja na pembe. Kilikuja na sauti ya upole ikisema kwamba mama huyu anataka tu kopo litoke kabatini, na kwamba sarafu itapata mtu wa kuipenda.

Tulimweleza ilivyo. Tukamwambia asikubali neno letu peke yake, bali aipeleke kwa mfanyabiashara wa sarafu mwenye duka na jina, naye akathibitisha. Tulidhani angeiuza. Alirudi juma lililofuata anacheka, machozi yakimlengalenga. Mumewe, kumbe, kwa miaka arobaini alikuwa akimwambia kwamba katika kopo lile mna kitu, naye hakupata kumwamini hata siku moja. Alidhani ni maneno ya mtu anayetafuta udhuru wa kujaza kabati. Nusu-krauni hakuiuza. Zilizobaki tulizinunua kwa paundi ishirini zake, na peni kumi na nane kati ya hizo zimo katika kisanduku chetu.

Tangu siku ile tumeshika kwamba katika biashara hii anayejua zaidi ndiye mwenye deni. Muuzaji aliyesoma akikutajia bei yake, pataneni mnavyoweza. Lakini anapouza mjane, au mtoto aliyerithi, au mkulima asiyejua alichonacho, ujuzi wako si jembe la kumchimbia. Wapo wakusanyaji watakaotucheka, kwa maana wao huita jambo hilo bahati nzuri, na husimuliana kwa fahari jinsi walivyopata kitu cha mia kwa bei ya moja. Sisi tunaliita kwa jina lake.

Tena yupo mnyonge mwingine asiyeonekana mezani. Mwaka 2015, karibu na Leominster huko Herefordshire, watu wawili wenye vyombo vya kutambua vyuma ardhini walifukua hazina iliyofichwa zama za Waviking: vito vya dhahabu, na sarafu za fedha zinazokisiwa kuwa 300 hivi. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 iliwataka watoe taarifa. Wao waliuza kimyakimya, na mwaka 2019 mahakama iliwafunga. Sarafu zilizopatikana wakati huo zilikuwa kama 30. Kati ya hizo zimo zinazoonyesha watawala wawili wameketi bega kwa bega, nyingine kwa jina la Alfred wa Wessex na nyingine kwa jina la Ceolwulf II wa Mercia. Waandishi wa Wessex walikuwa wamemwandika Ceolwulf kuwa mpumbavu na kibaraka wa Waviking. Sarafu zasema kwamba wawili hao walikuwa washirika. Mtu aliyesingiziwa kwa zaidi ya miaka elfu moja alikuwa na mashahidi 300, na wengi wao wamo gizani katika droo za watu walionunua bila kuuliza, “Hii imetoka wapi?” Kwa sarafu za kale namna hiyo, asiye na jibu la swali hilo hatununui kwake, hata akishusha bei. Hasa akishusha bei.

Turudi kwa swali la unga. Tumejiwekea kiasi cha mwaka kisichozidi bei ya jozi moja ya viatu, nacho hutoka katika posho yetu, kamwe si katika mfuko wa parokia. Daftari lipo, na mweka hazina wetu amekwisha kuliona. Hatuuzi. Kanuni ya 286 ya Sheria za Kanisa inawakataza wakleri kufanya biashara bila ruhusa ya mamlaka halali, na hata isingekuwapo, tunajijua: mwenye kuuza leo kesho huanza kuwatazama wajane kwa jicho jingine. Tangu turudi nyumbani tunanunua mara chache, kwa msaada wa wenzetu wanaosoma huko. Kwa intaneti tunaogopa, maana krauni za bandia zimejaa, nyingine za chuma kilichopakwa rangi ya fedha, ambazo sumaku ya mtoto wa shule hunasa. Tukifa, tumeandika katika wosia kwamba kisanduku kiende shule ya sekondari ya parokia, kwa somo la historia.

Yule mzee wetu, kwa taarifa yenu, amekwisha kutuletea senti kumi yake yenye tundu, si kwa kuuza, bali ilale kando ya fadhingi tuone ipi imechakaa zaidi. Imeshinda ya kwetu.

Atakayependa kuziona apite ofisini Jumapili baada ya Misa ya pili. Watoto waje na wazazi wao, na kila mtu aje na mikono mikavu.